Zamu ya Fisi

Cletus wa banda la video alipopiga hodi, Pelagia alikuwa akimnyoa mumewe ndevu. Gaspar alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani, povu la sabuni ya mche limemjaa mashavuni, shingo imelalia upande wa kulia, ule uliopooza. Hakupenda kuonwa hivyo. Mtu ambaye mji wa Mpanda uliwahi kulipa kiingilio ili umtazame kifua wazi, siku hizi alifumba macho kila mgeni alipoingia, kama mtoto anayedhani kwamba akifumba macho na yeye haonekani.

Cletus alisema waendelee tu, yeye si mgeni. Akajitafutia ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa na jambo na halikumkaa tumboni. Kila jioni, alieleza, vijana wanajaa bandani kwake kutazama kanda za mieleka za ng'ambo. Wanapiga kelele mpaka jenereta haisikiki. Na kila jioni hakosekani mzee mmoja benchi la nyuma anayesonya na kusema hao wa kwenye kioo wanacheza, wangemwona Nguzo. Sasa vijana wameanza kuuliza, huyo Nguzo ni nani, na yuko wapi.

"Nikawaambia yuko hapa hapa, nyuma ya stesheni, anaishi," alisema Cletus. "Ndiyo maana nimekuja mama. Saba Saba hii tunataka tumpe heshima yake uwanjani, mchana kweupe, na mgeni rasmi kutoka halmashauri. Mtu asingoje afe ndiyo asifiwe."

Pelagia aliufuta wembe kwenye kitambaa taratibu. Tangu mumewe aanguke msalani Jumatano ya Majivu, hakuna aliyekuja na habari njema. Waliokuja walikuja kumtazama mgonjwa, na wengine, Mungu awasamehe, walikuja kutazama jinsi mtu mkubwa anavyoanguka. Akauliza kama kuna wakongwe wengine watakaoheshimiwa. Cletus akasema, kwa anavyojua yeye, wengine wote wa kundi lile la mieleka wametangulia mbele za haki, amebaki mzee peke yake.

Hapo Gaspar alifumbua macho. Alimtazama Cletus kwa muda mrefu, mdomo ukahangaika, lakini kilichotoka kilikuwa povu la sabuni.

*

Wanaojua mambo ya zamani hawasahau Jumamosi zile. Garimoshi kutoka Kaliua lilileta kundi la mieleka jioni ya Ijumaa, na watu walikwenda stesheni kuwapokea kama wanavyompokea askofu. Nguzo alishuka behewa la mbele. Mrefu, taulo jeupe shingoni, akasalimia wazee kwa magoti na kuwagawia watoto pipi. Behewa la mwisho kabisa, upande usio na jukwaa, ndiko alikoshuka Luhende, Fisi wa Ugalla, amejifunga ngozi kiunoni, anatafuna maini mabichi huku damu inamtiririka kidevuni. Wanawake walikimbia. Watoto waliota ndoto mbaya mpaka Jumatatu.

Ulingoni Fisi alifanya kila ubaya unaofanyika chini ya jua. Alificha mchanga kiganjani, akawarushia watu machoni. Aling'ata. Mwamuzi akigeuka, alimkaba Nguzo kwa kamba, na mwamuzi, masikini, daima aligeuka. Watu walilia. Sista mmoja wa Kijerumani aliwahi kuvua kiatu na kukitupa ulingoni. Kisha, wakati kila mtu amekata tamaa, Nguzo aliinuka polepole, akamwinua Fisi juu ya kichwa, akamshika pale huku uwanja mzima ukihesabu, akambwaga. Vumbi likatulia, dunia ikarudi mahali pake. Usiku ule Pelagia alichinja kuku, na firigisi ikaenda kwenye sahani ya mwenye nyumba, kama desturi inavyotaka.

Lakini pambano linalosimuliwa hadi leo kwenye vilabu vya pombe ni lile la mwisho, mwaka vita vya Uganda vilipokwisha. Siku ile Nguzo hakuonekana kuwa na nguvu. Aliinama katikati ya ulingo, mkono kiunoni, uso umesawijika. Fisi alimjia mbio kutoka kwenye kamba. Nguzo hakuinua hata kidole, alimwangalia tu, na Fisi akapaa juu ya mgongo wake, akaanguka chali kwa kishindo, na hakuinuka tena. Watu walinyamaza kwanza. Kisha ukapigwa ukelele ambao, wanasema, ulisikika Ilembo. Nguzo alikuwa amembwaga mtu kwa macho.

Baada ya siku ile Gaspar alilala kitandani miezi, mgongo umekatika, na hakupanda ulingoni tena. Pelagia alijua nani wa kulaumiwa. Jioni moja Luhende alifika mlangoni, kuku jike mwekundu kwapani, anauliza mgonjwa anaendeleaje. Pelagia alijua kuku wa adui hana mchuzi, ana dawa. Alimpokonya yule kuku, akamrushia usoni, akamfukuza na mwiko wa ugali mpaka njia kuu, majirani wakishangilia. Kwa miaka mingi alijivunia jioni ile. Sokoni, Luhende akisogea kwenye meza yake ya mchele, aliufunika mchele kwa kanga.

*

"Luhende," alisema Gaspar, Cletus alipokwisha kuondoka.

Pelagia alidhani hakusikia vizuri. Maneno ya mumewe siku hizi yalitoka moja moja, kama maji ya bomba la mjini.

"Mwite. Aje. Saba Saba."

Akamwambia labda ugonjwa umepanda kichwani. Amwite mtu aliyemvunja mgongo, aje kufanya nini, ammalizie? Gaspar akatikisa kichwa. Akaanza kusema, na alisema mpaka kivuli cha nyumba kikafika kisimani, na Pelagia alikaa chini na wembe mkononi bila kujua kwamba ameukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi.

Hakuna mtu anayemwinua mtu wa uzito ule juu ya kichwa, Gaspar alisema. Hakuna. Yule anayebebwa ndiye anayeruka. Yeye ndiye anayejishika, anayejikaza, anayejua aanguke vipi asife na asimuue mwenzake. Nguzo alikuwa anaweka mikono tu. Miaka yote ile, kazi ilikuwa ya Luhende.

"Na siku ile?" aliuliza Pelagia, ingawa hakutaka kuuliza.

"Ilikuwa zamu yake." Gaspar alipumzika, akameza mate. "Tulikubaliana. Mpanda, mara moja, Fisi ashinde. Mgongo... ukakatika wenyewe. Alisikia. Kama angeniangusha, nisingetembea. Akaanguka yeye."

Kuku wa jirani walipita uani wakidonoa. Pelagia aliwatazama kana kwamba hajawahi kuona kuku. Hasira ikampanda, na haikuwa hasira ya Luhende tena. Akamuuliza mumewe kwa nini hakumwambia, yeye mkewe wa ndoa ya kanisani, aliyemfulia taulo lile jeupe. Amwache amchukie mtu bure, mbele ya Mungu, miaka kumi na minane?

"Ilikuwa mwiko," alisema Gaspar. "Mke akijua, atamsalimia sokoni. Akimsalimia sokoni, Jumamosi nani atakata tiketi?"

Ingekuwa siku nyingine Pelagia angecheka. Akauliza anataka nini sasa. Gaspar akainua mkono wake mzima, wa kushoto, juu kadiri alivyoweza. Anataka kuuinua mkono wa Luhende mbele ya watu, aseme kilichokuwa. Basi. Hiyo ndiyo heshima anayoitaka, nyingine wakae nayo.

Pelagia hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Jina la Nguzo ndilo lililokuwa limebaki katika nyumba ile. Ardhi hawana, matibabu ya mgongo yaliiuza. Lakini kwa jina lile muuza nyama aliongeza kipande bila kuombwa, na foleni hospitali ilifunguka, na binti yao Jeniffer aliolewa kwa heshima huko Usevya kwa kuwa wakwe walijua wanachukua damu ya nani. Sasa mtu mwenyewe anataka kusimama uwanjani na kusema ilikuwa kuwekeana mikono tu. Watamcheka. Kiharusi kilichukua nusu ya mwili wake, na hii nusu iliyobaki ataitoa mwenyewe kwa kipaza sauti.

Hata hivyo, Jumatano alijitanda kanga, akaenda Ilembo.

*

Nyumba ya Luhende ilikuwa mwisho wa mashamba, mbali kidogo na wengine. Mkewe, Nyamizi, alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Pelagia alikuwa amejiandaa njia nzima. Akapiga goti kidogo, akasalimia kwa Kinyamwezi, "Wangaluka."

"Karibu," alijibu Nyamizi kwa Kiswahili, na hakuacha kupukuchua. Kiti hakutoa.

Pelagia alisimama juani kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Akaeleza alichotumwa. Aliposema neno heshima, Nyamizi akatupa gunzi chini.

"Dada, wewe ulikuwa mke wa Nguzo. Mimi nilikuwa mke wa Fisi. Unajua huku kwetu watu wanasema fisi anapandwa na nani usiku? Mtoto akiugua, nani anaangaliwa? Tulihama Kakese kwa ajili ya jina lile. Wanangu wamekua hawaitwi majina yao. Na nyie huko mjini mlikuwa mnacheka."

Pelagia akakaa chini kwenye mavumbi bila kukaribishwa, akachukua hindi, akaanza kupukuchua. Walipukuchua hivyo mpaka Luhende alipotokea shambani, jembe begani. Alikuwa amezeeka. Mabega yamepungua, magoti yamepinda, nywele nyeupe kama pamba. Alipomwona nani amekaa mlangoni kwake alisimama, na Pelagia aliona, kwa aibu iliyomchoma mpaka masikioni, kwamba mzee yule amerudi nyuma hatua moja. Alikuwa anautafuta ule mwiko wa ugali.

"Mama Jeniffer," alisema. "Mgongo wake unaendeleaje?"

Lilikuwa swali lile lile alilokuja nalo na kuku. Pelagia alifunika uso kwa kanga, akalia pale pale mbele ya mke wa watu. Alipoweza kusema, alieleza yote, kwamba ameambiwa, na kwamba Gaspar anataka kumlipa zamu yake mbele ya mji.

Luhende alisikiliza akiwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. Nyamizi akajibu kwa niaba yake, "Haendi." Luhende mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Alimsindikiza Pelagia mpaka kwenye mkorosho wa mpakani, na njiani alimuuliza kitu kimoja tu: kama bado watu wanalisimulia lile la mwisho. Pelagia akamwambia wanalisimulia kila siku. Mzee akatabasamu, meno ya mbele hana.

*

Saba Saba uwanja ulifurika. Walikuja watu wa Katumba kwa baiskeli, wakaja wafugaji na fimbo zao, na vijana wa bandani kwa Cletus wamejifunga vitambaa vichwani kama wale wa kwenye kanda. Wazee walianza mapema kusahihishana. Mmoja alisema Nguzo alimshika Fisi juu mpaka garimoshi likapita, mwingine akasema garimoshi lenyewe lilisimama.

Gaspar aliketishwa juani mbele, tai shingoni, kwani kiti chenye kivuli kilikuwa cha mgeni rasmi, na mgeni rasmi alichelewa. Mate yalikuwa yanamtoka upande wa kulia, na Pelagia aliyafuta kwa ncha ya kanga akijifanya anafukuza nzi. Mgeni rasmi alipofika alisoma hotuba juu ya pembejeo, kisha akampongeza "mzee wetu Gasto" kwa mchango wake katika mpira wa miguu. Watu wakaguna. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani. Ilibidi Pelagia aipokee, maana mkono mmoja haupokei vizuri.

Ndipo ukasikika mnong'ono kutoka upande wa stesheni. Ukakua ukawa zogo. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama juu ya benchi, akanyoosha kidole.

"Fisi! Fisi huyo!"

Luhende alikuwa anakuja akikokota baiskeli, amevaa koti lililomzidi, na nyuma yake, mbali kidogo, Nyamizi na mwavuli. Watu walimpisha na kumzomea. Vijana ambao hawajawahi kumwona walizomea kuliko wote. Bonge la udongo likaruka, likampata begani. Cletus alitaka kumzuia asivuke kamba, akisema mzee tafadhali, leo siyo siku yake. Gaspar akapiga mguu chini. Pelagia akamshika kwapani, akamwinua, na uwanja wote, ulipomwona Nguzo amesimama, ukanyamaza.

Cletus akaleta kipaza sauti. Pelagia ndiye aliyekishika. Luhende alikuwa amefika mbele yao, wazee wawili wametazamana, mmoja amepinda mgongo, mwingine magoti.

"Huyu," alisema Gaspar, na spika ikanguruma. "Huyu... siku ile..."

Pelagia alijua neno linalofuata. Angeweza kukiteremsha kipaza sauti kidogo tu, upana wa kiganja, na hakuna ambaye angejua. Wangesema mzee amechoka, wangepiga makofi, na jina lingebaki mahali pake. Mkono wake ulikwisha kuanza kushuka. Kisha akaona bonge la udongo limeganda kwenye koti la Luhende. Akakisogeza kipaza sauti mpaka kikagusa midomo ya mumewe.

"Zamu," alisema Gaspar. Akanyoosha mkono wa kushoto kuushika wa Luhende auinue.

Luhende aliutazama mkono ule. Akageuka, akautazama uwanja, wazee waliosimama juu ya mabenchi, vijana wenye vitambaa, vinywa wazi. Kisha akatoa meno aliyobakiwa nayo, akacheka kile kicheko chake cha zamani, na watoto wakapiga mayowe. Akarudi nyuma, akaja mbio juu ya magoti yale mabovu. Kidole cha Gaspar hakikumgusa hata koti. Mzee akajirusha, akapinduka, akaanguka chali kwa kishindo mbele ya meza ya mgeni rasmi.

"Kwa macho!" mtu alilia. "Amembwaga kwa macho!"

Uwanja ulipasuka. Wazee walikumbatiana wakilia. Vijana wa Cletus walirusha vitambaa hewani, na mgeni rasmi alisimama bila kujua kwa nini amesimama. Gaspar alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zote, na watu walidhani anaunguruma kwa ushindi. Pelagia peke yake, aliyekuwa amemshika, ndiye aliyesikia anachosema. Alikuwa anasema hapana. Hapana, zamu yake, zamu yake.

Pelagia alimkalisha, akamkimbilia Luhende. Macho yalikuwa yamefumbwa, uso una vumbi. Akainama, akamshika shavu.

"Niache kidogo, Mama Jeniffer," alinong'ona Luhende bila kufumbua macho. "Bado hawajamaliza kushangilia."

Akamwacha. Akapiga magoti pale vumbini na kungoja, kama alivyoambiwa, mpaka walipomaliza.

*

Walifika nyumbani kwa njia mbili tofauti. Luhende ndiye aliyetaka hivyo, wasionekane pamoja. Yeye na Nyamizi walizunguka nyuma ya maghala ya tumbaku, wakaingilia mlango wa uani. Kiuno kilikuwa kinamuuma, alikaa upande upande, na Nyamizi alimkanda kwa maji ya moto huku akimsema kwa Kinyamwezi bila kupumzika. Gaspar hakutaka kumtazama. Alikuwa amenuna kama mtoto aliyeporwa.

"Kwa nini?" alimuuliza hatimaye.

"Ungewaambia, wangebaki na nini?" alisema Luhende. "Kile ndicho kitu kizuri tulichowahi kukitengeneza, mimi na wewe. Nikivunje kwa mikono yangu?"

Pelagia alikuwa jikoni anasikia. Alikuwa amechinja tetea wake mwekundu, yule wa mayai. Akapakua wali, akapanga nyama, akaleta sahani ya wanaume, na mbele ya Luhende akaweka firigisi.

Luhende aliiona. Akaisukuma kwa kidole kuelekea upande wa Gaspar. "Hii ina mwenyewe. Ya mwenye nyumba."

"Kula, shemeji," alisema Pelagia. Hakuwahi kumwita hivyo, na neno lilimkwama kidogo. "Ni ya aliyeshinda."

Mzee aliichukua polepole, akaishika kama kitu kinachoweza kuruka. Gaspar alikuwa anamtazama sasa. Akanyoosha mkono wake mzima, akamkamata mwenzake kwenye kifundo cha mkono, akakivuta juu. Mkono ulipanda, na firigisi ndani yake, mchuzi ukichuruzika hadi kwenye kiwiko. Luhende hakuruka, wala hakuanguka. Alikaa tu pale, mkono juu, midomo inamtetemeka, akitazama chini.

Nyamizi akaacha kitambaa kwenye maji ya moto. Akapiga kigelegele, kirefu, chembamba, cha mwanamke aliyekihifadhi miaka mingi bila mahali pa kukipeleka. Pelagia akakipokea. Majirani wakasikia, na mmoja akachungulia juu ya uzio, akauliza kuna sherehe gani tena.

Pelagia alimwona Luhende ameanza kuushusha mkono. Akasimama katikati, akaitandaza kanga yake kuziba mlango, jirani asimwone.

"Tunafurahia saa," alimjibu jirani. "Tumepewa saa ya ukutani."